Nyumba ni yako, paka ni wa kituo: ulezi wa kudumu tukiupima

Vituo vya kuokoa paka Marekani na Uingereza vina huduma isiyopigiwa debe sana: ulezi wa kudumu. Paka mwenye figo mbovu, kisukari au miguu ya nyuma iliyopooza huwa hapati mtu wa kumchukua, maana kila anayesoma kadi yake huona bili ya daktari mbele yake. Kituo basi humkabidhi mlezi akae naye hadi mwisho wa maisha yake, ila kwenye karatasi paka anabaki mali ya kituo, na gharama za matibabu zinabaki juu ya kituo. Mlezi anatoa nyumba, mikono na muda. Chakula cha kawaida na mchanga wa choo mara nyingi ni juu yake, na hapo ajiandae: paka wa figo hukojoa sana, mfuko wa mchanga huisha haraka.

Aliyekulia Lamu au Mji wa Kale wa Mombasa, ambako paka ni wa mtaa mzima na hajaandikiwa mkataba na yeyote, ataona maswali ya usajili ni kituko. Madirisha yana wavu? Nyumba ni ya kupanga? Mwenye nyumba amekubali kwa maandishi? Jibu tu. Paka wa aina hii akifukuzwa baada ya miezi mitatu, hana pa kwenda.

Hukumu yetu: huduma ni nzuri, na ni nafuu kuliko kumwasili paka huyohuyo na kubeba bili zake peke yako. Lakini uzuri wake wote umo kwenye mkataba, haumo kwenye tabasamu la mtu wa mapokezi. Omba kuusoma kabla ya kumwona paka, kwa sababu ukishamwona hutausoma.

Kipengele cha kwanza cha kutafuta ni cha idhini. Karibu kila kituo kinataka utumie kliniki yake na uombe ruhusa kabla ya tiba yoyote. Sawa, lakini Jumamosi saa tano usiku ruhusa inatoka kwa nani? Paka dume aliyeziba mkojo hasubiri ofisi ifunguliwe Jumatatu: potasiamu hupanda kwenye damu, moyo unavurugika, na siku mbili zinatosha kumuua. Mkataba unaofaa una namba ya usiku na kiasi cha pesa unachoweza kuidhinisha mwenyewe bila kumuuliza mtu. Usio na hivyo viwili, tunaukata alama nyingi kuliko kwa kosa lingine lolote. Kipengele cha pili ni haki ya kituo kumchukua paka wake. Haki hiyo wanayo, hilo halina ubishi. Angalia tu kama sababu zimetajwa au wamejiachia mlango wazi.

Siku ya makabidhiano usikubali kadi iliyoandikwa “matatizo ya figo” pekee. Dai majibu ya damu, mkojo na shinikizo la damu. Madaktari hupanga ugonjwa huu kwa hatua nne za IRIS, jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa figo za wanyama: hatua ya 2 kreatinini, taka ya damu inayopaswa kuchujwa na figo, ni 1.6 hadi 2.8 mg/dL, hatua ya 4 ni zaidi ya 5.0. Wote wawili wataitwa paka wa figo, ila kazi ya kuwalea haifanani hata kidogo. Wa hatua ya 2 anaweza kuishi miaka kwa chakula chenye fosforasi kidogo na vipimo vya mara kwa mara. Wa hatua ya 4 huenda akahitaji maji ya dripu chini ya ngozi kila siku, dawa ya kichefuchefu na ya hamu ya kula.

Hiyo dripu ndiyo inayowakimbiza walezi wapya, na ndipo kituo kizuri kinapojulikana: kinakufundisha kwa mikono, siyo kwa karatasi. Maji ni Ringer lactate, ambayo Uingereza huitwa Hartmann, mfuko wa lita 1. Paka wa kilo 4 mara nyingi huandikiwa mililita 100 kwa mara moja. Kiasi na siku aandike daktari. Loweka mfuko kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, kisha jaribu matone machache kwenye kifundo cha mkono. Maikrowevu hapana, inapasha sehemu moja na kuacha nyingine. Tundika mfuko kama mita moja juu ya paka, fungua kibano, acha maji yapite mpaka mapovu yaishe mrijani, funga. Vuta ngozi katikati ya mabega iinuke kama hema, ingiza sindano sambamba na uti wa mgongo, mdomo wake ukitazama juu.

Sindano ya namba 18, yenye kitako cha pinki, inamaliza haraka. Ya namba 20, ya njano, inauma kidogo lakini maji yanatiririka polepole, na paka anachoka kungoja. Sisi tunachagua ya pinki kwa paka asiyetulia. Mistari ya mfuko haiaminiki ukishaanza kunywea, kwa hiyo weka mfuko kwenye mizani ya jikoni kabla na baada: gramu 100 zilizopungua ni mililita 100 zilizoingia, kwa hesabu ya nyumbani.

Manyoya yakilowa, sindano imetokea upande wa pili wa ngozi. Maji yakisimama, ncha imegusa nyama. Izungushe au irudishe nyuma kidogo. Nundu inayoshuka hadi mguu wa mbele inatisha kuitazama, kumbe ni maji yanayofuata mteremko, na huisha baada ya saa kadhaa. Sindano ni mpya kila mara, maana iliyotumika ni butu na ina vijidudu. Mfuko wenye maji yaliyobadilika rangi au kuwa na ukungu, tupa. Jambo la hatari hasa ni maji kuzidi kwa paka mwenye moyo dhaifu: hesabu pumzi zake akiwa amelala, na zikipita 30 kwa dakika acha dripu, piga simu kliniki.

Andika kila kitu: uzito kila wiki, mililita, kiasi alichokula, siku alizotapika. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa mali ni gramu. Paka akipungua gramu 200 macho hayaoni. Mizani ya mtoto inaona.

Kwa paka wa kisukari, kagua sindano zilizomo kwenye kifurushi kabla ya kuondoka. Insulini za U-40 na za U-100, yaani za uniti 40 au 100 kwa mililita, kila moja ina sindano yake. Kwa kawaida ya U-40 ina kifuniko chekundu, ya U-100 cha rangi ya machungwa. Ukichota insulini ya U-100 kwa sindano ya U-40, kwenye alama ileile unampa mara 2.5 ya dozi, na hilo linaweza kumuua. Asali ikae karibu, ya kumpaka kwenye ufizi sukari ikishuka huku unaelekea kliniki. Kama hajala, usimdunge kwa mazoea, uliza kwanza. Paka wa FIV, virusi vinavyodhoofisha kinga ya paka, hana kazi kubwa: virusi hivyo hupita zaidi kwa kung'atana kwa nguvu, basi akae ndani na asiwekwe na mgomvi. Aliyepooza nyuma ndiye mzigo wa kweli, kwani kibofu hukamuliwa kwa mkono mara mbili au tatu kwa siku, na ujuzi huo haupatikani kwa video.

Kwa wote: Panadol ni sumu kwa paka, hata kidonge kimoja. Maua ya lili yasiingie ndani kabisa. Chavua yake tu yaweza kuua figo hata za paka mzima.

Kwa walioko Marekani, Mahakama ya Kodi ilikubali mwaka 2011, katika kesi ya Van Dusen, kwamba gharama za kulea paka kwa niaba ya shirika la hisani zinaweza kuhesabiwa kuwa mchango. Ila ilitaka ushahidi, na kwa gharama ya dola 250 na zaidi barua ya shirika. Weka risiti.

Tunaipa huduma alama 4 kati ya 5. Ile moja tumeizuia kwa sababu ya kipengele cha tatu, ambacho watu huona haya kukiuliza: sindano ya mwisho. Anayetia sahihi ni mwenye paka, yaani kituo. Uliza kama maoni yako yatasikilizwa, kama daktari atakuja nyumbani, kama utaruhusiwa kumshika. Uliza na majivu anapewa nani. Mkataba usiposema, ni ya mwenye paka, na mwenye paka si wewe.