Grasshopper ya Rhino kwa nakshi za ukuta uliopinda: uzoefu wangu

Nimeitumia Grasshopper, chombo cha kujenga maumbo kwa kuunganisha amri katika Rhino (programu ya kuchora maumbo ya 3D), ambacho tangu Rhino 6 kinakuja ndani ya programu yenyewe, kutandaza nyota za pembe nane kwenye kinga ya jua ya alumini hapa Dar: ukuta wenye tumbo kama la dau, urefu mita 9, kimo mita 3. Kwa kazi hii naipenda kuliko programu yoyote niliyojaribu. Sharti lake ni moja: uso uwe safi kabla hujaweka nyota hata moja.

Mpangilio ni mfupi. Ingiza uso, washa Reparameterize (vipimo vya uso viwe 0 hadi 1), gawa kwa Divide Domain² (U, mwelekeo wa urefu, 30; V, wa kimo, 10), peleka kwenye Surface Box (inayoweka boksi juu ya kila kipande), kisha Box Morph (inayopinda nyota iingie kila boksi). Unapata vipande 300 vya karibu sentimita 30. Nyota ichore ndani ya mraba, na boksi la rejea (linalozingira mchoro wa asili) litokane na mraba huo, si nyota. La sivyo ncha zitavutwa hadi ukingoni. Boksi lipe unene, milimita 20 zinatosha. Nyota zikielekea ndani ya jengo, geuza uso kwa Flip.

Tatizo kubwa ni kwamba U na V hazigawi kwa sentimita. Nukta za uso zikisongamana upande mmoja, nyota zitabanana huko na kutanuka kwingine. Tumia Rebuild (inayozipanga upya nukta hizo kwa usawa), halafu pima kingo za vipande vyote. Usipuuze kipimo hiki, maana ndicho kinachoamua gharama. Bati la milimita 1220 kwa 2440 linatoa vipande 32 vya milimita 300. Tumboni vikifika 310, bati hilohilo linatoa 21 tu. Badala ya mabati 10 utanunua 15! Mimi huongeza mgawanyo hadi kipande kikubwa kabisa kisizidi 300.

Uso uliokatwa kwa Trim nao unasumbua: mgawanyo unafuata uso wa asili, nyota zinamwagika nje ya ukingo. Jenga upya uso wenye kingo nne.

Kisha pembe nne za kipande mara nyingi hazilali bapa. Pitisha bapa kwenye pembe tatu, pima ya nne iko mbali kiasi gani. Milimita 2 au 3, bolti zitaivuta. Zaidi ya hapo kipande kikate pembetatu mbili, maana fundi akilazimisha, tundu za bolti zinachanika.

Fanya majaribio kwa mistari mitupu, unene uje mwisho, kompyuta isigande. Kabla ya kutoa DXF (faili ya michoro ya kukatia) ya kupeleka karakana ya mtaa wa Gerezani, kila kipande kiandikwe namba ya safu na nafasi, kwa mfano 07-04, na mshale wa juu. Vipande vinafanana mno kwa macho, na kimoja kikikaa kichwa chini mistari ya jirani zake haikutani.

Leseni ya Rhino inalipiwa mara moja, na majaribio ya siku 90 yanatosha kabisa kwa mradi wa ukubwa huu.