Darubini ya 8x42 kwa ndege wa kwenye mafunjo, uzoefu wangu

Nina miezi minne na hii darubini, nimeipata mtumba hapa Mwanza. Naitumia Jumapili alfajiri upande wa Magu, Mto Simiyu ukikaribia kuingia Ghuba ya Speke, kuna njia ya mbao wavuvi wamejitandikia katikati ya mafunjo wafikie mitumbwi, basi mi napita humo taratibu jua halijachomoza.

Kabla yake nilikuwa na ya 10x50, muuzaji akaniapia haiingii maji, wiki ya pili tu ukungu kwa ndani na haukutoka tena. Halafu kukuza mara kumi ukiwa umesimama kwenye mbao zinazocheza ni mateso, mkono ukitikisika kidogo ndege ameshapotea. Hii ya 8 picha inatulia na unaona eneo pana, ndo kitu unataka kwenye mafunjo maana ndege anatokeza sekunde mbili anazama. 42 ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita, ukiwa mkubwa hivyo mwanga unaingia wa kutosha, saa kumi na mbili asubuhi rangi naziona vizuri kabisa.

Mdiria wa madoa meusi na meupe hata bila darubini utamuona, anapiga mabawa hewani pale pale kisha anajitupa majini. Ila kuna ndege mwingine nilikuwa namsikia tu wiki na wiki, tumbo jekundu kama damu, mgongo mweusi, utosi wa njano, makazi yake ni mafunjo tu, yakifyekwa hana pa kwenda. Mwezi uliopita akatua juu ya funjo nikamuona mpaka jicho, aisee nilitetemeka. Kuna mzee mvuvi alikuwa anafungua mtumbwi, nikamwamkia nikampa naye aangalie, akakaa kimya muda mrefu halafu akasema, "Mwanangu, sauti yake naijua toka utoto, kumbe kapendeza hivi." Jamani mnaochoma mafunjo mpate shamba, acheni hata ule ukanda wa ukingoni.

Kasoro yake mkanda, mwembamba unakata shingo, nimeshona wa kitenge. Ukivaa miwani, shusha vile vikombe vya mpira vya machoni, la sivyo utaona duara dogo tu katikati.