Where the Buffalo Roam: vituko vyote vipo, tanzia haipo

Filamu hii nimeiangalia mara mbili ndani ya wiki moja. Mara ya kwanza usiku, peke yangu, kwenye kompyuta. Mara ya pili sebuleni, na mke wangu, mpwa wangu anayesoma chuo, na mzee mmoja aliyenifundisha kazi ya uandishi, ambaye sasa amestaafu. Mimi ni mwanahabari wa zaidi ya miaka 20, kwa hiyo zipo sehemu zilizonishika ambazo mtu wa kazi nyingine angezipita tu.

Ni filamu ya vichekesho ya mwaka 1980, imeongozwa na Art Linson, na inamhusu mwandishi wa Marekani Hunter S. Thompson. Stelingi ni Bill Murray. Vijana wengi wanamfahamu Thompson kupitia ile ya 1998 aliyocheza Johnny Depp; hii ilitangulia kwa miaka 18, Thompson mwenyewe akiwa hai, na hakuipenda.

Kwa asiyemjua: Thompson alizaliwa Louisville, Kentucky, mwaka 1937, na aina yake ya uandishi ikaja kuitwa gonzo. Mwandishi wa gonzo hajifichi nyuma ya "imeelezwa kuwa". Anaingia mwenyewe katikati ya stori, na ulevi wake, hasira zake na woga wake. Mwaka 1970 aligombea usherifu wa kaunti ya Pitkin, Colorado, akanyoa kipara ili apate kumwita mpinzani wake, aliyekata nywele fupi za kijeshi, kuwa ndiye mwenye manywele marefu. Alishindwa. Alipofariki mwaka 2005, majivu yake yalirushwa angani kwa mzinga. Mtu wa namna hiyo, ukimtengenezea filamu ya vituko huhitaji kubuni sana.

Na vituko vipo tele. Inaanza usiku wa theluji, Thompson yuko kwenye nyumba yake ya milimani, stori haijaisha na muda umekwisha. Stori yenyewe inamhusu rafiki yake, wakili Carl Lazlo, anayechezwa na Peter Boyle, na humo ndimo tunarudishwa nyuma kuona waliyoyapitia pamoja. Murray ameniridhisha sana. Alikaa na Thompson mwenyewe kumsoma, na inaonekana: ile kofia, ile miwani, kile kijiti cha sigara kilichobanwa pembeni mwa mdomo, ule mwendo wa mtu ambaye magoti yake hayaelewani. Anaongea kwa kumung'unya, kiasi kwamba bila maandishi chini ya picha nisingeshika nusu ya maneno. Maandishi ya Kiswahili hayakuwepo, nikawa mkalimani wa mzee kwa dakika 99 zote.

Sehemu ya mahakamani, San Francisco 1968, ndiyo iliyonyamazisha sebule. Lazlo anawatetea vijana waliokamatwa na bangi. Hakimu anagawa vifungo mmoja baada ya mwingine kana kwamba anagonga mihuri, na wa mwisho, kijana aliyekutwa na isiyofika hata nusu kilo, anakula miaka mitano. Lazlo anamrukia mwendesha mashtaka, na yeye mwenyewe anafungwa kwa kudharau mahakama. Wakati huohuo mhariri anamkumbusha Thompson kuwa amebakiwa na saa 19 za kupeleka stori. Mpwa wangu alicheka Lazlo aliporuka. Mke wangu hakucheka, akaniuliza, "Hii nayo wameiita komedi?" Naona wote wawili walikuwa sahihi, na kama filamu nzima ingebaki pale, kwenye kicheko ambacho hujui kama ukitoe au ukimeze, ningeipa nyota tano.

Haikubaki pale. Kipande cha Super Bowl (fainali ya mpira wa miguu wa Kimarekani), cha kuvuruga hoteli, na cha silaha za kupeleka kwa wapiganaji Amerika ya Kilatini vilinichosha mara zote mbili. Kelele nyingi, na hujui watu hawa wanapigania nini.

Kisha inakuja kampeni ya urais ya 1972, na hapo filamu inaamka tena. Wanahabari wana ndege yao kwenye msafara wa mgombea. Wamevaa vizuri, wanalishwa vizuri, kila mtu anamcheka afisa habari anapotaka achekwe. Thompson anafukuzwa, anapelekwa kwenye ndege nyingine ya mafundi na vifaa. Nilipoangalia peke yangu nilisimamisha picha. Mwaka 2005 nilikaa wiki tatu kwenye gari la waandishi katika msafara wa mgombea mmoja. Tulikuwa tisa kwenye gari la watu saba, vumbi hadi kwenye meno. Jioni tulikuwa tunalinganisha daftari ili stori zetu zisipishane, maana atakayeandika tofauti ataulizwa na mhariri wake kwa nini wenzake hawakusikia alichosikia yeye. Asubuhi magazeti manne yalitoka na aya ya kwanza ileile. Nililiona hilo kuwa kawaida ya kazi. Kumwona Thompson akitupwa nje ya ndege kwa sababu hafuati kawaida hiyo kulinichoma.

Anachofanya baadaye sikiungi mkono: anampa mwandishi mwenzake, Harris, dawa ya kumpoteza akili, kisha anachukua nguo zake na kitambulisho chake. Mzee alitikisa kichwa akasema mwandishi hamfanyii hivyo mwandishi, na nakubaliana naye kabisa. Lakini kwa nguo hizo za wizi Thompson anafika mahali ambapo hakuna aliyefika. Anamkuta mgombea, Nixon, chooni uwanja wa ndege. Hakuna walinzi, hakuna maikrofoni, wanaume wawili wamesimama wakitazama vigae. Anaanza kumweleza kuwa nchi imegawanyika kati ya wakorofi wanaoivuruga na watu aliowaita kwa Kiingereza "the doomed". Hao je, mgombea ana nini cha kuwaambia? Jibu analopewa ni tusi fupi.

Lile neno "doomed" lilinishinda kutafsiri papo kwa papo. Nilisema "waliolaaniwa", mzee akakataa, kwani nani kawalaani. Akapendekeza walalahoi. Nikamwambia mlalahoi analala hoi lakini anaamka. Hawa ni wale ambao mambo yao yameshaamuliwa, hawana pa kutokea. "Basi sema hivyohivyo," akasema, "wasio na pa kutokea." Nikarudisha nyuma tukaangalia upya, na safari hii tusi la Nixon lilimfikia barabara. Kwangu hiyo ndiyo sehemu bora ya filamu. Inaonyesha kwa nini mtu huyu alikuwa mwandishi: pamoja na wazimu wote, ana swali moja, na anamuuliza mtu anayepaswa kulijibu.

Sasa malalamiko yangu makubwa. Filamu imetokana na makala ambayo Thompson aliichapisha kwenye jarida la Rolling Stone mwaka 1977 kuhusu rafiki yake Oscar Zeta Acosta. Acosta alikuwa wakili wa kweli, Mmarekani mwenye asili ya Mexico, mwandishi na mpigania haki za watu wake, na alitoweka Mexico mwaka 1974. Hajaonekana tena. Ile makala ilikuwa tanzia. Kwenye filamu amebadilishwa jina, amebadilishwa asili, amekuwa Lazlo, na mapambano yake yamekuwa fujo za mtu asiyejua anachotaka. Peter Boyle ni mwigizaji mzuri, na hata anapotembea uwanja wa ndege na suti nyeupe akimfuata Thompson kwenye ndege, kuna huzuni kidogo usoni mwake. Ila mtu aliyeliliwa hatumwoni. Mpwa wangu aliniuliza mwishoni, "Kwani Lazlo alikuwepo kweli?" Filamu iliyotoka kwenye tanzia haipaswi kumwacha mtazamaji na swali hilo.

Mzee alikuwa na kinyongo chake kingine, ambacho hakimo kwenye filamu lakini nilikosea kumsimulia. Mwaka huohuo wa 1974 Thompson alitumwa Kinshasa kuandika pambano la Muhammad Ali na George Foreman. Usiku wa pambano hakwenda uwanjani. Alibaki hotelini akielea kwenye bwawa la kuogelea, na stori haikuandikwa. Mzee alilisikiliza pambano lile redioni, kwetu huku kunapambazuka, akiwa na baba yake na majirani uani. Foreman alipoanguka raundi ya 8, anasema, mtu mmoja alipiga teke debe la maji na hakuna aliyemgombeza. "Mtu anapelekwa Kinshasa," alirudia mara mbili, "anapelekwa hadi Kinshasa, halafu anaogelea." Alikataa kumpa nyota yoyote. Mpwa wangu alitoa nne, kwa ajili ya Murray. Mke wangu mbili. Mimi tatu.

Ukiitafuta, angalia toleo. Muziki ni wa Neil Young, na ule wimbo wa zamani wa wachunga ng'ombe uliotoa jina la filamu anauimba yeye. Kuna DVD ambazo nyimbo kadhaa zilibadilishwa kwa sababu ya haki za muziki. Blu-ray ya 2017 ilizirudisha. Bila nyimbo hizo zile safari za barabarani zinapwaya.

Jambo la mwisho, ambalo ndilo lililonifanya niandike. Rafiki yangu mpigapicha alipofariki niliandika tanzia ya maneno 400. Iliyochapishwa ilikuwa na 90: alizaliwa lini, alisoma wapi, ameacha mjane na watoto watatu. Vituko vyake vyote viliondolewa ili huzuni ionekane ya heshima. Filamu hii imefanya kinyume chake, imebakiza vituko na kuondoa huzuni, na nimegundua maumivu ni yaleyale. Rafiki ameondoka mara ya pili.

Tulipozima runinga nilitoa daftari nikawasomea ile ya maneno 400, ikiwemo siku aliyopanda mwembe kwenye mkutano wa hadhara ili apate picha ya umati, tawi likaanza kulia, na yeye, badala ya kushuka, akampungia mgombea mkono asogee kushoto kidogo. Mgombea akasogea. Mke wangu alicheka hadi akavua miwani. Kisha akauliza kama mjane ana nakala.

Hana. Nampelekea Jumamosi.