Web Security Academy kwa anayesaka kazi ya utafiti wa mianya, akiwa Dar na bando la simu

Tuanze na bei, maana mjini ndilo swali la kwanza. Web Security Academy, shule ya mtandaoni ya kupima usalama wa tovuti, ni ya PortSwigger, kampuni ya Uingereza inayotengeneza Burp Suite (programu ya kunasa na kubadilisha mawasiliano kati ya kivinjari na tovuti), na ni bure. Siyo ile bure ya siku saba kisha unadaiwa kadi. Unajisajili kwa barua pepe, masomo yote yanafunguka, na maabara ni zaidi ya 200 kwa ngazi tatu. Tena hakuna VPN wala Kali, ile Linux ya wapima usalama. Kila maabara ni tovuti ya kawaida yenye kurasa nyepesi, kwa hiyo kijana wa Tabata mwenye laptopu ya GB 8 na bando la wiki anamudu sehemu kubwa ya kazi.

Ubora wake uonje kwenye maabara ya kudunga SQL (kupenyeza amri zako kwenye hifadhidata ya tovuti) bila kuonyeshwa majibu. Tovuti haikupi data hata chembe. Ila sharti ulilolichomeka kwenye kuki ya TrackingId (kijidata ambacho kivinjari hukituma kwa tovuti) likiwa la kweli, ukurasa unaandika "Welcome back". Likiwa la uongo, maneno hayo hayaonekani. Kwa ndiyo na hapana hizo tu, unatakiwa kuchomoa nywila ya administrator: nafasi 20, kila moja ikiwa herufi ndogo au tarakimu.

Ukijaribu herufi zote 36 kwa kila nafasi, ni maombi 720 (ombi ni ujumbe mmoja unaotumwa kwa seva). Hapo ndipo Burp ya bure inakubana, kwa sababu Intruder yake, kifaa cha kutuma maombi mengi mfululizo, imefungwa breki makusudi. Wengi huishia hapo wakilaumu mtandao. Dawa ni kubadili swali. Badala ya kuuliza "ni a? ni b?", uliza kama herufi iko juu ya m:

' AND ASCII(SUBSTRING((SELECT password FROM users WHERE username='administrator'),1,1))>109--

Kila jibu linakata nusu ya zilizobaki, hivyo herufi moja haizidi maswali 6 na nywila nzima haizidi maombi 120. Skripti fupi ya Python inaimaliza. Usiache ASCII(), inayogeuza herufi kuwa namba (m ni 109), ukalinganisha herufi zenyewe, maana kila hifadhidata ina mpangilio wake wa herufi na utapata nywila yenye makosa mawili matatu usiyojua yametoka wapi. Kipo pia kiendelezi cha bure, Turbo Intruder, kisicho na breki hiyo. Kizuri, lakini anayekimbilia huko mapema anajinyima somo.

Mtandao wetu unauma kweli kwenye maabara za kupima muda. Mojawapo inakutaka utambue jina halali la mtumiaji kwa kuangalia seva inachelewa kiasi gani kujibu. Maelekezo ni kutuma nywila ndefu ya herufi kama 100 ili tofauti ionekane, na kubadilisha X-Forwarded-For, mstari unaotaja anwani ya IP ya mtumaji, kila ombi usifungiwe. Kwa intaneti ya simu jioni, kuyumba kwa mtandao peke yake kunaweza kumeza tofauti hiyo. Refusha nywila mara kadhaa zaidi, rudia kila jina mara tano, kisha chukua muda mfupi kuliko yote wa kila jina, wastani utakudanganya.

Kwa maabara za kushindanisha maombi, yaani kutuma kadhaa kwa mpigo ili seva ijichanganye, kinyume chake, umbali si kitu. Mwaka 2023 James Kettle, mkuu wa utafiti wa PortSwigger, alionyesha namna ya kumalizia maombi 20 hadi 30 ndani ya pakiti moja ya TCP kwa kutumia HTTP/2, yakafika pamoja hata mtandao ukiyumba. Repeater, sehemu ya Burp ya kuhariri na kurudia maombi, inafanya hivyo hata kwenye toleo la bure: weka maombi kwenye kundi moja, yatume sambamba.

Kero kubwa ni kupoteza kazi. Burp ya bure haihifadhi mradi. Laptopu ya mtumba yenye betri iliyokufa, LUKU ikiisha, basi kila ombi ulilolitengeneza limekwenda. Nakili maombi muhimu kwenye faili la maandishi unavyoendelea. Na maabara ukiiacha bila kuigusa inazimwa. Ukiifungua upya inakuja na anwani mpya, huku Repeater ikiendelea kugonga ile ya zamani. Badilisha mwenyewe sehemu mbili: shabaha na mstari wa Host (jina la tovuti ndani ya ombi).

Kasoro yake kwa mtafuta kazi ni kwamba kichwa cha kila maabara kinataja ugonjwa kabla hujampima mgonjwa. Ukishamaliza mada tano au sita, hamia kwenye maabara za fumbo, ambazo huficha kichwa. Kuandika ripoti hakufundishwi, na programu za Android hazimo, ingawa huduma nyingi za fedha hapa nchini zinapita kwenye simu. Hizo jifunze kwingine kwa jadx na Frida, zana za kuchambua programu za simu.

Mtihani wao wa cheti ni dola 99, saa 4, tovuti mbili za kudukua. Lakini unadai Burp Professional, ambayo ni zaidi ya dola 400 kwa mwaka, na baadhi ya maabara zinazotumia Collaborator (seva ya PortSwigger ya kunasa mawasiliano ya pembeni) nazo zinaidai. Kwa soko la Dar tusingeanza na gharama hiyo. Matangazo ya benki na kampuni za ukaguzi hupenda kutaja vyeti vya CEH, CISA au OSCP, na anayekuhoji atavutiwa zaidi na ripoti tatu zenye ombi, jibu, madhara na namna ya kuziba.

Ripoti hizo zitoke kwenye maabara au kwenye programu za HackerOne na Bugcrowd, majukwaa ambako kampuni hualika watu kutafuta mianya yao, zilizotaja mipaka yake. Tovuti ya duka au benki ya hapa usiiguse kwa majaribio: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inahesabu kuingia kwenye mfumo bila ruhusa kuwa kosa, hata kama hukuchukua kitu. Kabla ya kujaribu hata alama moja ya nukuu, fungua /.well-known/security.txt ya tovuti husika usome wanaruhusu nini. Kama faili hilo halipo, au lina anwani ya barua pepe tu, bado hujaruhusiwa.