Daktari wa viungo anayekuja nyumbani Lamu: uzoefu wangu na maumivu ya kiuno

Huduma ninayoieleza ni hii: mtaalamu wa tiba ya viungo, wengine humwita fiziotherapisti, anakuja kwako hapa Lamu, anakaa nawe kama saa nzima, anakuchunguza mgongo, kisha anakufunza namna ya kuutumia. Kikao cha kwanza nililipa shilingi 2,000, vilivyofuata 1,500 kila kimoja. Nimeulizwa na wanawake wengi, msibani na arusini, kiuno kilinipoaje, na jawabu ni refu, halisemeki watu wakiwa wamesimama mlangoni. Basi naliandika.

Mimi hupika kwa oda. Mahamri ya asubuhi, biriani na pilau za shughuli, mkate wa sinia mwezi wa Ramadhani. Nyumba yetu ni ya mawe, ya kale, mtaa wa Mkomani, na jiko liko juu darini chini ya makuti, kama ilivyo kwa nyumba nyingi za aina hiyo. Kila dumu la maji, kila gunia la mkaa, kila mfuko wa unga hupanda ngazi nyembamba za mawe, na kila sufuria iliyoiva hushuka kwa ngazi hizo hizo. Ongeza kukuna nazi, kukanda unga na kufagia kwa ufagio mfupi wa chelewa, utaona kiuno hakipati nafasi ya kunyooka tangu alfajiri hadi isha.

Maumivu yangu yalikuwa chini kabisa ya mgongo, yametanda pande zote mbili. Asubuhi kiuno kimekaza hata kuinama kutawadha ni kazi, jioni kinachoma. Hayakuteremka mguuni, na sikuwa na ganzi popote. Nayataja haya kwa sababu ndiyo aliyoyauliza daktari kabla hajanigusa.

Kabla yake nilikuwa nimekwenda zahanati moja, nikapigwa picha ya eksirei, nikaambiwa pingili zimesagika na nisibebe kitu tena maisha yangu yote. Nikapewa vidonge na mkanda wa kiuno. Mtu anayekula kwa jasho la jikoni ukimwambia asibebe kitu, umemwambia afunge kazi. Maneno yale yaliniuma kuliko kiuno chenyewe, na naamini yanawaumiza wengi. Daktari wa viungo alipoiona picha aliniambia jambo ambalo sikuwahi kuambiwa: mabadiliko kama hayo hupatikana hata kwa watu wasioumwa kabisa. Mwaka 2015 watafiti walikusanya picha za watu zaidi ya 3,000 wasio na maumivu yoyote ya mgongo. Wenye umri wa miaka 20, kiasi cha asilimia 30 walikuwa na diski iliyotuna. Wa miaka 50, asilimia 60. Wa miaka 80, asilimia 84. Diski ni ule mto mdogo wa gegedu ulioko baina ya pingili na pingili. "Mama," aliniambia, "mgongo wako umezeeka kama uso ulivyozeeka. Haukuvunjika." Kwa maneno hayo peke yake nilimlipa kwa moyo mkunjufu.

Sasa kile kikao cha kwanza, ambacho ndicho hasa kilichonifanya niandike. Nilidhani atanilaza kitandani anikande. Alianza kwa maswali: mkojo unatoka vizuri? Choo unakizuia? Kuna ganzi baina ya mapaja? Umepata homa, umekonda bila sababu, umeanguka, umewahi kuugua saratani au kifua kikuu? Majibu yote yalikuwa la. Kisha akanigonga magoti na kisigino, akaniinua mguu mmoja mmoja nikiwa nimelala chali. Halafu akasema, "Twende jikoni."

Akapanda ngazi nami. Akataka nikune nazi mbele yake. Nikakaa kwenye mbuzi, magoti juu, mgongo umepinda, kama nilivyokaa tangu nikiwa msichana. Akaniacha nikamaliza nazi nzima. Akaniuliza siku ya arusi nakuna ngapi kwa mkao huo bila kuinuka. Nilipomjibu alinyamaza kidogo, kisha akanieleza kwamba hakuna mkao ulio sumu kwa wenyewe. Tatizo ni kuuganda mkao mmoja muda mrefu. Tukaipandisha mbuzi juu ya sanduku pana la mbao lisilotikisika, sinia ikakaa juu ya kigoda, magoti yangu yakashuka na kiuno kikapata kunyooka. Amri moja tu: kila nazi mbili, simama, shika nyonga kwa mikono, jinyooshe kwa nyuma taratibu, ukakoroge sufuria, kisha urudi.

Unga alinitoa chini. Mwaka nenda mwaka rudi nimekanda nikiwa nimepiga magoti sakafuni, na yeye akanipima kwa kunisimamisha: meza iwe chini kidogo ya kiwiko, ili uzito wa mwili ushuke mikononi. Fundi seremala akanitengenezea meza ya kimo changu, si cha mtu mwingine. Ufagio wa chelewa tukaufunga kwenye mpini mrefu. Ni kitu kidogo mno, lakini nyumba ya dari na kiwanda, yaani ua wa ndani, kufagiwa kwa kuinama kila asubuhi si jambo dogo kwa kiuno.

Kwenye kuinama na kuinua ndipo alipotumia mfano ambao sitausahau. Aliniuliza, "Unaporukuu, unakunja wapi?" Nikarukuu. Mgongo umelala sawa, mkunjo uko kwenye nyonga. Akasema mwendo anaoutaka ni huo, ila ulegeze magoti na mzigo uje karibu na tumbo. Tangu hapo nikishika sufuria la pilau sihitaji kukumbuka somo lolote, mwili unaujua mwendo huo, huufanya mara kadhaa kila siku. Alinihakikishia pia kwamba sujudi haidhuru kiuno changu, na kama siku imekuwa nzito, kiti kipo na dini ina nafasi.

Maji yalikuwa mtihani. Dumu la lita 20 lina uzito wa kilo 20 na zaidi, na nilizoea kulibeba kwa mkono mmoja ngazini, mwili umelala upande. Kwanza tuliligawa: vidumu viwili vya lita 10, kimoja kila mkono. Kisha mpwa wangu, ambaye ni baharia, akaja na wazo lake mwenyewe: akafunga kapi darini, kapi la kweli la chombo, na sasa maji na mkaa hupanda kwa kamba kutoka kiwandani. Magunia ya unga mwenye punda huyaleta mpaka mlangoni. Gharama ya kapi na kamba haikufika bei ya vikao viwili, na naweza kusema ndiyo pesa niliyoitumia vizuri kuliko zote.

Mazoezi yenyewe ni machache. Kulala chali, magoti yamekunjwa, kuinua nyonga na kuzishusha polepole. Kupiga magoti na mikono chini, kunyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto, kisha kubadilisha. Kulala chali na kuyaangusha magoti kulia na kushoto. Nilianza kwa mara tano tano, nikaongeza pole pole. Wiki za mwanzo misuli iliuma, na alikuwa ameshanionya: maumivu ya wastani yanayopoa kesho yake si ya kuogopa, yakizidi na kubaki, punguza, usiache.

Kisha kutembea. Alfajiri, maji yakiwa yamekupwa na mchanga umekaza, naelekea kijiji cha Shela kwa ufukweni. Kwenda tu ni kama kilomita 3, na sikuanza kwa kufika. Nilianza kwa kugeuka njiani. Alinieleza kuhusu utafiti wa Australia uliotoka mwaka 2024. Watu 701 ambao maumivu ya kiuno yalikuwa yamewatoka karibuni waligawanywa makundi mawili, moja likapewa mpango wa kutembea pamoja na mafunzo. Nusu ya kundi la kutembea walikaa siku 208 au zaidi bila maumivu kurudi. Kundi la pili, siku 112. Hakuna dawa dukani iliyoniahidi hivyo, na mchanga wa Lamu haulipishwi.

Kuhusu vitu vingine nilivyotumia, nitasema kwa uwazi. Mkanda wa kiuno ulinipa joto na ujasiri, lakini maumivu yalibaki pale pale, na jikoni kwenye moshi haukai mwilini. Baadaye nikasoma kwamba Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno, halipendekezi mikanda hiyo. Mkandaji wangu sijamwacha. Mafuta yake hunilaza vizuri usiku mmoja au miwili, na daktari hakumpinga. Mwongozo huo huo unakubali kukandwa, alimradi kusiwe ndiyo tiba peke yake. Chuku, ile pembe ya kuumika, nilipigwa, nikapata wepesi wa siku chache. Vidonge vya diklofenaki na ndugu zake navichukulia kwa uangalifu sana. Vinasaidia, lakini ukivimeza ovyo kila siku vinachimba tumbo, vinaumiza figo na kupandisha presha. Wenzangu wenye presha, ulizeni kabla hamjameza.

Kitanda nacho kina habari yake. Kila mtu aliniambia nilale juu ya ubao. Kitanda changu ni cha kamba, na kamba zilikuwa zimelegea katikati, godoro la sufi nalo limejaa mabonde, kwa hiyo nilikuwa nalala shimoni. Lakini ubao si jawabu. Utafiti mmoja wa Hispania, mwaka 2003, ulilinganisha godoro gumu na godoro la ugumu wa kati kwa watu 313 wenye maumivu sugu ya kiuno, na baada ya siku 90 wa godoro la kati ndio waliokuwa na nafuu zaidi. Nikamwita mwambaji akakaza kamba upya, nikanunua godoro la sponji la ugumu wa kati, na nalala ubavu nikiweka mto baina ya magoti.

Jambo moja kwa wasafiri wa Mokowe, gati la upande wa bara. Boti za kasi zinapopiga mawimbi, kishindo kikubwa kiko omo, yaani mbele. Kaa tezi, nyuma, miguu chini, na ukishuka gatini mpe mtu mkoba kwanza, kisha ndipo ukanyage.

Yasiyonipendeza yapo. Mpango wa kuja asubuhi ulivunjika zaidi ya mara moja, kwa sababu daktari anatoka bara na boti husubiri abiria. Nikakaa na oda mkononi hadi baada ya adhuhuri. Hakuniachia karatasi ya mazoezi. Binti yangu ndiye aliyenirekodi kwa simu, na bila hivyo nusu ningekuwa nimeyasahau. Wala sikuambiwa mwanzoni vikao vitakuwa vingapi, na kwa mtu anayehesabu shilingi hilo linapaswa kusemwa siku ya kwanza. Lililonifurahisha ni kwamba mwenyewe ndiye aliyesema tumalize. "Mama, sasa unajua. Usinilipe tena mpaka upate jambo jipya."

Kiuno hakijapona moja kwa moja. Baada ya arusi kubwa hukaza, nami hujua la kufanya: sikai kitandani kutwa, nafanya mazoezi mepesi, natembea kidogo, naweka chupa ya maji ya moto, na siku mbili tatu kinalegea. Asubuhi za kawaida natawadha nimesimama bila kushika ukuta, alhamdulillahi.

Ila kuna maumivu ambayo si ya kumngojea daktari wa nyumbani. Mkojo ukikataa kutoka au ukitoka wenyewe, choo kisizuilike, ganzi ikiingia baina ya mapaja, mguu ukipoteza nguvu, hapo ni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku na boti ni ya kukodi. Homa, kukonda, maumivu ya usiku yasiyotulia kwa mkao wowote, kuanguka, au historia ya saratani au kifua kikuu, nazo zipelekwe hospitali mapema.

Nani atafaidika? Wanaoinama kwa kazi: wapishi, wafuaji, mafundi wa mbao, wachukuzi wa gatini, wamama wenye watoto wa kubebwa. Anayetaka alazwe, akandwe, aondoke, hataridhika, kwani kazi kubwa utaifanya mwenyewe. Mkimwita, mwambieni aje baada ya alasiri, mwafikiane idadi ya vikao kabla hajaanza, simu iwe na chaji ya kumrekodi, na vile vyombo mnavyoviinua kila siku viwe vimejaa kama vinavyojaa siku ya kazi.