Consolidated: bendi iliyompa maiki aliyechoka nayo

Haya, karibuni tena. Leo nimeshika sidii, kasha limepasuka kona, msinicheke. Ni Play More Music ya Consolidated, ya mwaka 1992. Hawa ni watatu wa San Francisco, Marekani: Adam Sherburne anafoka na kupiga gitaa, Mark Pistel yuko kwenye mashine za muziki, Philip Steir kwenye ngoma.

Vaeni hedifoni. Mnasikia? Biti ni ya kiwandani kabisa, kama nyundo juu ya bati, lakini besi yake inachezeka. Juu yake sasa jamaa anahutubia: ulaji wa nyama, ufashisti, udhalilishaji wa wanawake, makampuni makubwa. Wimbo wa kwanza safi, wa pili sawa, ukifika wa nne kidole kinatafuta pa kuruka. Mahubiri yamezidi, jamani, hata kama unakubaliana nayo.

Ila kuna kitu hapa sijakiona kwa bendi nyingine. Kwenye shoo walikuwa wakisimamisha muziki na kupitisha maiki kwa watazamaji, ukumbi unageuka baraza. Uliza, bisha, waponde ukitaka. Halafu wanarekodi, na maneno yale wanayatia ndani ya albamu. Kwa hiyo umetoa hela yako kununua muziki, katikati anaingia mtu baki anabishana na bendi. Hata jina la sidii, maana yake "pigeni muziki zaidi", linasomeka kama shabiki aliyechoka na hotuba. Mimi vipande hivyo ndivyo navirudia kuliko nyimbo zenyewe.

The Myth of Rock ya 1990 na Friendly Fa$cism ya 1991 zilitoka Nettwerk, lebo huru ya Vancouver, Kanada, kama hii. Mwaka 1994 wakahamia London Records, lebo ya kampuni kubwa, na albamu ya Business of Punishment. Ndiyo, wale wale waliokuwa wakiyasema makampuni makubwa! Albamu ya 1998 ikaitwa Dropped, yaani "kutemwa". Malizieni wenyewe.

Ninunue? Kama unapenda ubishi, chukua hii. Mahubiri yakikushinda, tafuta albamu ya kundi la rap The Disposable Heroes of Hiphoprisy, mji ule ule, mwaka ule ule wa 1992, na Pistel huyu huyu alishiriki kuitengeneza. Hasira ni ile ile, ila rapa wao, Michael Franti, anajua kukuchekesha kwanza ndipo akuchome.