Uzoefu wangu na FreeStyle Libre 2: mahali unapokibandika kihisi panabadilisha namba

Nina kisukari aina ya kwanza, na FreeStyle Libre 2, kihisi cha sukari kinachobandikwa kwenye ngozi na kutuma namba kwenye simu, imenipunguzia sana kutoboa vidole. Naipenda na nitaendelea kuitumia. Ila jambo ambalo nadhani kila anayeanza angeambiwa siku ya kwanza ni kwamba namba unazoziona kwenye simu zinategemea mno mahali ulipokibandika kihisi, na hasa kama mahali hapo panabanwa au la.

Kwa asiyekijua, ni kidude cha duara chenye upana wa milimita 35, kinachokaa nyuma ya mkono, pale penye nyama chini ya bega. Kinaacha uzi mwembamba, kama milimita 5 hivi, chini ya ngozi. Ukishakiwasha unasubiri saa moja, kisha kinasoma sukari dakika kwa dakika hadi siku 14 ziishe.

Uzi huo hausomi damu. Unasoma majimaji yaliyo kati ya seli chini ya ngozi. Sukari hutoka kwenye mishipa midogo ya damu ndipo iingie kwenye majimaji hayo, na hapo dakika kadhaa hupita. Ndiyo maana nikila wali, au nikitembea kwa haraka baada ya kuchoma insulini, glukomita (kile kipimo cha tone la damu ya kidole) na kihisi havilingani: glukomita imetangulia, kihisi kinafuata. Sasa fikiria mahali hapo pamekandamizwa. Damu inapita kwa shida, seli zinaendelea kutumia sukari iliyopo, na mpya haiji kwa kasi ya kutosha. Kihisi kinasoma kwa uaminifu kilichopo hapo chini ya ngozi, lakini sukari ya mwili mzima haiko hivyo.

Hili linatokea usingizini kuliko wakati mwingine wowote. Mimi hulalia ubavu wa kulia. Kihisi kikiwa mkono wa kulia, alamu ya sukari kushuka hulia usiku wa manane: 3.2 mmol/L, na mshale unaelekea chini. Najichunguza, sina jasho, sitetemeki, moyo hauendi mbio. Natoboa kidole, glukomita inaniambia 6.1. Nikigeukia upande wa pili, baada ya muda mfupi kihisi nacho kinapanda bila mimi kuonja hata kijiko cha asali. Asubuhi ukiitazama grafu utaona mstari umeporomoka ghafla na kurudi ghafla karibu pale ulipokuwa. Sukari iliyoshuka kweli mara nyingi haina umbo hilo. Huteremka kwa mteremko unaoeleweka, na hupanda baada ya kula.

Lakini naomba mtu asisome hapa akaanza kupuuza alamu za usiku. Ukinywa juisi kwa sababu ya namba ya uongo utaamka na sukari ya juu, hilo ni baya. Kupuuza iliyoshuka kweli ni kubaya zaidi, na wapo wenzetu ambao baada ya miaka mingi ya kisukari mwili hauwapi tena dalili. Kwa hiyo glukomita na vipimo vyake vinalala kitandani pangu, ndani ya chandarua. Namba na mwili vikipingana, natoboa kidole. Kwa anayeishi peke yake nasisitiza hata zaidi.

Siku hizi kihisi nakiweka mkono wa kushoto mara nyingi zaidi. Siwezi kukiacha huko daima, ngozi inahitaji kupumzika, na maelekezo yenyewe yanataka ubadilishe mahali. Nikihamia kulia naweka mto mgongoni unisaidie nisijiviringishe. Na iwe nyuma ya mkono hasa. Ukikisogeza pembeni kitagonga fremu za milango na vyuma vya daladala, ukikisogeza ndani kitasuguana na mbavu. Napapasa kwanza: panapobinyika vizuri ndipo panapofaa, penye kovu, uvimbe au michirizi napaacha. Mafuta ya ngozi siku hiyo hapana, na kwa joto la Dar es Salaam nasubiri ngozi ikauke kabisa baada ya kuoga.

Wengi huuliza kuhusu tumbo. Libre imeidhinishwa kwa nyuma ya mkono tu, basi namba za tumbo hazina wa kuzithibitisha. Vifaa vingine ni tofauti, Dexcom G6 kwa mfano huwekwa tumboni. Na kuna takwimu inayonisaidia kuweka mambo katika uzito wake: jaribio la Dexcom G7 kwa watu wazima, lililochapishwa 2022, lilikuta wastani wa tofauti kati ya kihisi na kipimo cha damu cha maabara ni asilimia 8.2 mkononi na asilimia 9.1 tumboni. Maana yake, damu ikiwa 10, mkono unakosea kama 0.8 na tumbo kama 0.9. Pengo hilo ni dogo. Kuulalia mkono usiku kunaharibu namba kuliko hilo, kwa mbali. Tena wengi wetu tunachoma insulini tumboni, na pale tulipochoma mara kwa mara nyama huwa ngumu, si mahali pa kuamini kihisi chochote. Kwa Libre, maelekezo yanataka angalau sentimita 2.5 kati yake na sehemu unayochoma.

Siku ya kwanza ya kihisi kipya sichomi insulini ya kurekebisha, ile ya kushusha sukari iliyopanda, kwa kuangalia kihisi peke yake, kwani ngozi ndiyo kwanza imejeruhiwa na usomaji hubabaika. Wanaokunywa vitamini C nyingi, zaidi ya miligramu 500 kwa siku, wajue inaweza kuipandisha namba kwa uongo hata kihisi kikiwa mahali bora. Na ukienda kupimwa presha, mwambie nesi atumie mkono mwingine.

Jambo la mwisho linahusu kliniki. Daktari akiona grafu yenye mashimo kila usiku, ana kila sababu ya kukupunguzia insulini ya usiku, na kama mashimo hayo ni ya mkono uliolaliwa, sukari ya asubuhi itapanda wiki nzima. Kwa hiyo kwenye programu ya simu naandika kihisi kiko mkono upi na usiku gani niliamka nimeulalia, pamoja na glukomita ilisema nini. Tunaanza na maandishi hayo, ndipo tuzungumzie dozi.